Mvua za Mwisho wa Masika: Ninavyopanga Jumamosi ya Uluguru Nikiwa Chamazi

Machi na Aprili hazinisumbui: masika yamekolea, viatu vya mlima vinakaa juu ya kabati. Kazi ni Mei. Jua linawaka siku mbili tatu, madimbwi ya mtaani Chamazi yanakauka, na kwenye kundi letu la WhatsApp mtu anaandika, "Mvua zimeisha, Jumamosi tupande." Hapo ndipo ninapoanza kuuliza maswali, kwa sababu masika hayaagi Dar es Salaam na milima ya Uluguru, kule Morogoro, siku moja.

Anga la Chamazi si shahidi wa mlima. Huku pwani mvua nyingi hutujia usiku na alfajiri kutoka baharini. Mlimani mara nyingi ni kinyume: asubuhi kweupe, kisha jua linapasha joto miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, na kufikia saa nane mchana wingu lililoonekana dogo limesimama wima na kuanza kunguruma. Tena Mei ndipo kusi inaposhika. Upepo huo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unagonga upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole na Matombo, na kumwaga maji huko hata wakati Morogoro mjini vumbi linatimka. Ndiyo maana mtu akiniuliza hali ya Uluguru, namuuliza kwanza: upande gani, na saa ngapi?

Jumatano jioni naanza kusoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wanatoa utabiri wa saa 24 na pia tahadhari za siku tano, na maneno yao yana vipimo. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Njano ikigusa Morogoro siku ya Jumamosi, sipandi. Wenzangu wengine huona njano ni jambo dogo, lakini taarifa ile imeandikwa kwa mkoa mzima, pamoja na mabonde ya Kilosa na Kilombero, na mlima hupata zaidi ya tambarare. Hata ile kauli ya "mvua na ngurumo katika maeneo machache" naisoma mara mbili. Hayo maeneo machache mara nyingi ni yale ya mwinuko.

Programu za simu nazitumia nikijua mipaka yake. Modeli kubwa za dunia hugawa ardhi katika miraba ya kilomita 9 hadi 13. Morogoro mjini ni mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, kinachouinamia mji, kinapita mita 2,100, na vyote viwili vinaweza kuangukia ndani ya mraba mmoja. Joto unalosomewa ni la mjini. Punguza nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kisha jifikirie umelowa na upepo unavuma. Ninachotafuta kwenye programu ni saa ya mvua kuanza, na kama saa hiyo inahamahama kati ya utabiri wa Jumatano na wa Ijumaa. Ikihamahama sana, modeli yenyewe haina uhakika, nami naihesabu siku hiyo kuwa ya mvua.

Anayedhani Mei ni salama akumbuke Kimbunga Hidaya. Kilifika Mafia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, na TMA walikuwa wametahadharisha siku kadhaa kabla. Boti za Zanzibar zilisimamishwa. Kimbunga kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu, na watu wakasema tumetishwa bure. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tahadhari iliyokufanya ubaki nyumbani imeshafanya kazi yake.

Ijumaa asubuhi nampigia mwongozaji wetu. Simuulizi kama mvua ipo. Namuuliza jana ilianza saa ngapi, mto una rangi gani, na njia ya kupanda Bondwa, juu ya Morningside, inateleza kiasi gani. Mto ukiwa wa tope wakati mjini hakujanyesha, huko juu kumenyesha. Safari moja aliniambia, "Kaka, akina mama wa mboga leo wameshuka mapema." Sikuhitaji utabiri mwingine. Wanaobeba ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni wanalijua anga lile kuliko simu yangu.

Kinachoamua usalama zaidi ya yote ni saa ya kuanza kutembea. Ukitoka Chamazi Jumamosi asubuhi, mpaka ufike Rangi Tatu, upate usafiri wa mjini, upande treni ya SGR au basi, utaanza kupanda saa tano, yaani unakwenda kukutana na wingu. Sisi tunaondoka Ijumaa jioni, tunalala Morogoro, na saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani. Saa sita mchana tunageuka, popote tulipo, na hilo tunakubaliana kabla ya kutoka Dar ili kileleni asiwepo wa kubembeleza.

Radi ikimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30, ondoka mgongoni mwa mlima na mbali na minara ya mawasiliano ya Bondwa, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Kijito kikijaa, kaa upande uliopo. Maji hayo hushuka haraka kama yalivyopanda.

Mvua hizi za mwisho naziogopa pia kwa sababu ya udongo. Umeshiba maji miezi miwili, hauna tena nafasi. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mvua za vuli, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na zaidi ya watu 80 wakafariki. Hivyo nikiona ufa mpya njiani, au mti ulioinama na udongo mbichi kwenye mizizi, narudisha kundi zima.

TMA wakiweka njano, tunakwenda msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Vilima ni vifupi, njia ni ya kivuli, na kibali unakata pale pale kwa watu wa misitu. Mapango ya zamani ya kaolini tunayaacha siku za mvua. Nenda na viatu vyenye meno, maana ule udongo ukilowa unateleza sana, na saa kumi jioni umesharudi Chamazi.