Kwa Nini Ngurumo Hufuata Nyuma ya Umeme

Msomaji aliyepata kumtazama mtu wa ng'ambo ya bonde akipasua kuni, bila shaka ameliona jambo hili: shoka huangukia gogo kwanza, na kishindo chake husikika baadaye, pengine shoka limekwisha kuinuliwa tena. Macho hayadanganyi. Nuru hufika papo hapo, bali sauti huchukua muda njiani.

Sauti ni mtikisiko. Kishindo kikitokea, hewa iliyo karibu husukumwa, nayo huisukuma iliyo mbele yake, hata mtikisiko ukaifikia ngoma ya sikio. Hewa yenyewe haihami; ni kama watu waliosimama mstari wakipokezana ndoo ya maji, ndoo ikafika na kila mtu yupo mahali pake.

Mwendo wake hewani ni kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilometa moja kwa sekunde 3 hivi. Mwezi wa Agosti 1883, mlima wa moto wa Krakatau, Indonesia, ulipasuka. Katika kisiwa cha Rodrigues, kilometa zipatazo 4,800 ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ulisikika mlio uliodhaniwa kuwa wa mizinga. Mlio huo ulikuwa umesafiri saa 4 hivi!

Umeme na ngurumo ni tukio moja: umeme huipasha hewa moto ghafula, ikatanuka kwa nguvu, ikanguruma. Basi uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Ukihesabu 9, umeme ulikuwa mbali nawe kilometa 3.

Hesabu hii yafaa hasa nchi ya Kisii na Kericho, ambako ngurumo ni nyingi na radi imepata kuua watu na ng'ombe. Lakini wako wapatao jibu la kilometa 3 wakaendelea kuchuma chai, wakidhani hatari i mbali. Sivyo. Umeme wa pili waweza kupiga kilometa 10 kutoka ulipopiga wa kwanza. Ikiwa hesabu yako haikufika 30, ingia katika nyumba madhubuti au motokaa iliyofungwa. Chini ya mti si mahali pa kujificha, wala kibanda kisicho na kuta. Usirudi shambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.