Binti Yangu Katoka Wodini, Tuishi Naye Vipi?

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 15 alilazwa kwa kusikia sauti zisizokuwepo. Tukaambiwa ni skizofrenia. Sasa yuko nyumbani na anameza dawa, ila analala hadi saa tano asubuhi na haogi asiposukumwa. Baba yake anamfokea, anasema ni uvivu. Bibi yake anataka apungwe pepo. Je, ni sisi tuliomsababishia? – Mama, Tanga

JIBU: Hapana, mama, malezi yenu hayakuleta ugonjwa huu. Lakini maisha ya hapo nyumbani yana uzito mkubwa katika kupona kwake. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake jijini London walifuatilia watu wazima wenye ugonjwa huu waliotoka hospitalini. Waliorudi kwenye lawama na uhasama, au kwa ndugu anayewaganda kila hatua, waliugua tena mara nyingi zaidi.

Mwambie baba: ule usingizi na kutojali usafi mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, au dawa. Muulizeni daktari wake kuhusu saa ya kumeza. Msiache wala kupunguza dawa wenyewe. Mpeni agizo moja kwa wakati, kwa sauti ya kawaida. Akioga, msifuni.

Bibi na amwombee, tena akiwa karibu naye, maana mapenzi yake ni dawa pia. Ila asifungwe kamba, asifungishwe saumu, asikatizwe vidonge.

Shuleni arudi taratibu, mwalimu mmoja anayeaminika akijua hali yake. Akianza kukesha au kujifungia chumbani, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe ya kwenye kadi.