Bakteria Walao Mafuta katika Udongo wa Chumvi

Katika karakana za magari za Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, mafuta machafu ya injini hudondoka ardhini. Mvua inyeshapo, mafuta yaliyomo mitaroni huweza kufika Mto Msimbazi, ambao hupita Jangwani na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Hapo mlangoni maji ya bahari hupanda na kushuka, na mafuta hunasa katika tope la mikoko. Je, huishia wapi?

Mafuta hayo ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani kampaundi za kaboni na haidrojeni. Kwa baadhi ya bakteria, hicho ni chakula. Vimeng'enya vyao huunganisha oksijeni na mnyororo wa haidrokaboni. Mnyororo hugeuka alkoholi, kisha asidi, halafu hukatwa vipande vipande. Mwishowe hupatikana maji, kabonidayoksaidi na bakteria wapya. Minyororo iliyonyooka huliwa upesi. Kampaundi zenye pete nyingi hukawia sana.

Chumvi nayo ni kikwazo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na tope likaukapo juani chumvi huzidi. Bakteria wengi wa udongo wa bustani wakiingia humo hupoteza maji kwa osmosisi na kudhoofika. Wale waliozoea chumvi hulimbikiza ndani ya seli vitu kama ektoini, vinavyozuia maji yasitoke. Mmojawapo ni Marinobacter hydrocarbonoclasticus, aliyetambulishwa na wanasayansi mwaka 1992.

Hata hivyo, bakteria huhitaji pia naitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea ili kuwasaidia. Lakini mbolea haiongezi oksijeni, na tope la mikoko, chini kidogo tu ya uso wake, halina oksijeni. Humo mafuta huweza kudumu miaka mingi. Wakati huohuo huziba vitundu vya mizizi ya kupumulia ya mchu, na mti hufa kabla bakteria hawajamaliza kazi. Mwaka 1988 mafuta yaliyovuja kutoka tangi yaliua mikoko ya hori la Makupa, Mombasa.

Basi bakteria ni wasaidizi, si ruhusa ya kuchafua. Mafuta machafu yakusanywe katika pipa pale karakanani, yasifike mtaroni.

Maswali
1. Kwa nini mafuta huoza upesi zaidi katika mchanga wenye hewa kuliko katika tope?
2. Eleza kwa nini bakteria wa bustani hawafai kusafisha udongo wa mikoko.