Kabla ya Kukabidhi Ufunguo: Somo kwa Anayepangisha Nyumba kwa Mara ya Kwanza

Wengi wanaoanza kupangisha nyumba nchini Kenya si matajiri. Ni wastaafu waliojenga vyumba vichache kwa malipo yao ya uzeeni, au ndugu waliorithi nyumba ya wazazi. Kwao, mgogoro mmoja na mpangaji unaweza kumeza mapato ya miezi mingi. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kukamilisha kabla mpangaji wa kwanza hajahamia.

1. Hali ya nyumba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka anayepangisha nyumba ya makazi ahakikishe kwamba inafaa kwa makao ya binadamu siku ya kwanza na katika muda wote wa upangaji. Inampa mpangaji pia haki ya kukaa kwa utulivu. Kubaki na ufunguo wa akiba hakukupi ruhusa ya kuingia upendapo. Kagua paa, mabomba, nyaya za umeme na vyoo. Kisha zunguka na mpangaji chumba kwa chumba, mwandike hali ya kila kitu, mpige picha, na nyote wawili mtie sahihi.

2. Mkataba

Upangaji usiozidi miaka miwili unaweza kufanywa kwa mdomo na bado ukatambuliwa na sheria. Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika majina ya wahusika, kiasi cha kodi na siku ya kuilipa, nani atalipia maji, umeme na taka, na nani atatengeneza kitakachoharibika. Mkataba usipotaja muda, na kodi ikawa inalipwa kila mwezi, notisi ya kuuvunja haipaswi kupungua mwezi mmoja. Kanuni hiyo inawafunga nyote wawili.

3. Amana

Amana si mapato. Ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako, na siku ya kuirudisha itafika. Anayeitumia kumalizia ujenzi hulazimika kuahidi, kisha kukwepa simu. Iweke katika akaunti ya pekee. Mkataba ueleze itarudishwa baada ya siku ngapi na ni makato gani yanayokubalika. Rangi iliyofifia kwa kukaliwa ni uchakavu wa kawaida. Kioo kilichovunjwa ni uharibifu. Orodha mliyotia sahihi ndiyo itakayoamua.

4. Ushuru

Mkazi wa Kenya ambaye kodi ya nyumba za makazi anayopokea inazidi shilingi 288,000 kwa mwaka, lakini haizidi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 ya kodi hiyo. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Gharama za ukarabati haziondolewi kwanza. Malipo hufanywa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mfano: nyumba tatu za shilingi 12,000 kila moja huleta shilingi 36,000 kwa mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka. Ushuru wa mwezi ni shilingi 2,700, nawe unabakiwa na 33,300. Ukarabati utatoka katika kiasi hicho, basi usipange matumizi ya nyumbani kwa kutegemea zile 36,000.

5. Mpangaji asipolipa

Kufunga mlango kwa kufuli lako, kung'oa mabati au kumkatia maji ni kujichukulia sheria mkononi, na kunaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Anza kwa mazungumzo, kisha notisi ya maandishi. Kuzuia mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, na kumtoa mpangaji kwa nguvu huhitaji amri ya mahakama au ya baraza lenye mamlaka. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mashauri hupelekwa katika Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba.

Zoezi

Kabla ya kukabidhi ufunguo, jibu maswali haya:

- Je, orodha ya hali ya nyumba imetiwa sahihi?
- Je, kila upande una nakala ya mkataba?
- Je, mpangaji akihama mwezi ujao, amana yake ipo?
- Je, kila malipo yatakuwa na stakabadhi?

Ikiwa jibu lolote ni "hapana", ufunguo ungoje.