SOMO LETU: SLABU YA CHOO, MAJI NA CHUMVI



Juzi kikundi kimoja hapa Magwagwa kiliniita kuangalia choo chao cha harambee. Juu kilikuwa safi, kimesuguliwa vizuri. Lakini tulipomulika chini kwa kioo, tukakuta vyuma viko nje, vimeliwa na kutu, na vipande vya konkriti vimeshadondoka shimoni. Na watoto walikuwa wakiingia kila siku! Tukakifunga siku hiyo hiyo.

Niliposema ni chumvi, mzee mmoja akacheka: "Dada, hapa si Mombasa!" Ni kweli mzee. Kule pwani chumvi huletwa na bahari. Chooni huletwa na mkojo.

Konkriti ni ngumu kama jiwe, lakini ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Chumvi haitembei peke yake humo, njia yake ni maji. Konkriti ikikauka kabisa, chumvi hukaa palepale. Ikilowa, maji huibeba ndani. Halafu maji hutoka kama mvuke, chumvi inabaki. Kesho ikilowa tena, inasogea mbele kidogo. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka: hiyo ndiyo hali mbaya kabisa, kuliko hata kukaa majini siku zote, kwa sababu chuma kilichozama hukosa hewa, na kutu inataka hewa. Ndiyo maana nguzo za gati baharini huharibika zaidi pale mawimbi yanaporukia, siyo chini kabisa.

Chumvi ikifikia chuma huharibu ngozi nyembamba ambayo saruji ilikivisha. Kutu nayo huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma chenyewe, basi inapasua konkriti kutoka ndani.

Sasa mtaniuliza: mbona ulitufundisha kumwagilia slabu maji? Slabu mpya ni habari nyingine. Saruji inahitaji maji ili ishikane na kuziba vile vitundu. Ifunikeni kwa magunia au majani ya ndizi, mwagilieni siku 7, msichoke siku ya tatu. Lakini maji ya kuchanganyia yasizidi! Mfuko wa kilo 50 hutaka kama lita 25, na mchanga ukiwa umelowa, punguzeni. Fundi akifanya mchanganyiko uwe kama uji ili umwagike kwa urahisi, mwambieni hapana. Yale maji ya ziada yakikauka huacha njia wazi za chumvi.

Chuma kisilale chini kwenye mbao. Kiinueni inchi moja kwa vijiwe. Na sakafu iteremke kuelekea tundu, mkojo usituame.

Huko Msumbiji, tangu mwisho wa miaka ya 1970, walitengeneza slabu ya duara yenye mgongo, haina chuma hata kimoja. Hakuna chuma, hakuna kutu. Inataka fundi makini, lakini mimi naipenda.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao:

Nendeni mchana na kioo, mrudishe mwanga wa jua kupitia tundu. Je, kuna mistari ya rangi ya kahawia? Mkigonga kwa nyundo kidogo mkiwa mmesimama nje, inalia kama kitu kitupu? Mkiona hayo, fungeni mlango kwanza, ndipo mzungumze habari ya pesa.