Sauti, Mwendo na Maneno: Mafundisho ya Kwanza ya Muziki

Usiku ule wa mwisho, kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni, Bwana wetu Yezu Kristu aliimba pamoja na mitume wake. Mateo ameliandika jambo hilo kwa maneno machache sana, na Marko vilevile, hata wengi hulisoma bila kulitazama. Walikula Pasaka, wakaimba, wakatoka. Basi kuimba si pambo lililoongezwa baadaye katika ibada ya Wakristu. Kulikuwako tangu karamu ya kwanza.

Hata hivyo, katika kapela nyingi za vijijini, mahali ambapo Padri hufika mara moja tu kwa majuma mengi, nyimbo zina taabu. Katekista anaanza wimbo, watu wanaitikia kwa furaha. Kufika mstari wa tatu wazee wamekwisha kunyamaza, na kufika mstari wa tano akina mama wanaimba kwa kujikaza shingo. Wakatekumeni walioketi nyuma hawafumbui kinywa, maana wameambiwa na wengine, au wamejiambia wenyewe, ya kuwa hawana sauti. Nao ndio watakaosimama mbele ya Wakristu wote usiku wa Pasaka, kubatizwa. Taabu hiyo haitokani na upungufu wa imani. Inatokana na kutojua mambo matatu manne ya muziki, ambayo mtu yeyote aweza kuyafahamu kwa jioni chache.

SAUTI NI NINI

Mtu akimwaga punje chache za mchanga mkavu juu ya ngozi ya ngoma, kisha akaipiga ngoma ile karibu na ukingo, ataona mchanga unarukaruka. Ngozi inatetemeka. Mtetemo wake unaisukuma hewa iliyo karibu, hewa hiyo inaisukuma nyingine, hata mtetemo unafika sikioni. Hiyo ndiyo sauti. Husafiri karibu meta 340 kwa sekunde moja. Ndiyo sababu mtu anayemtazama mwenziwe akikata mti ng'ambo ya bonde huona shoka limekwisha kushuka, na mlio wake unamfikia baadaye. Katika mwili wa mtu kazi ya ngozi ya ngoma hufanywa na kooni. Mwimbaji aweke vidole viwili juu ya koo lake, aimbe, naye atausikia mtetemo mwenyewe.

Mtetemo ukiwa wa haraka, sauti huwa ya juu. Ukiwa wa polepole, sauti huwa ya chini. Mpiga likembe anajua jambo hili mikononi mwake: ulimi mfupi wa chuma hulia juu, ulimi mrefu hulia chini, na akitaka kuupandisha mlio wa ulimi mmoja huusukuma ndani ili sehemu inayotetemeka ipungue. Mpiga ngoma naye anajua. Asubuhi ya mvua ngozi imelegea na ngoma inanguruma chini. Akiikaribisha kwenye moto ngozi inakaza, na mlio unapanda.

Hapa kuna kosa moja linaloharibu nyimbo nyingi. Kimo cha sauti si nguvu ya sauti. Sauti yaweza kuwa ya juu na ndogo, kama ya mtoto anayenong'ona wimbo. Yaweza kuwa ya chini na kubwa, kama ya ngoma kuu. Lakini katika Kiswahili chetu neno "paza sauti" linabeba maana zote mbili. Katekista akiwaambia watu wapaze sauti, nusu ya watu huimba kwa nguvu zaidi, na nusu nyingine hupanda juu. Hapo kila mmoja amemtii, na wimbo umeharibika. Afadhali aseme waziwazi: imbeni kwa nguvu zaidi, pale pale mlipo.

NGAZI YA SAUTI

Sauti za wimbo hupanda na kushuka kama mtu apandaye ngazi. Vidato vya ngazi ya muziki ni saba, navyo huitwa do, re, mi, fa, sol, la, si. Kisha do nyingine inakuja, na ngazi inaanza tena. Do hii ya pili ina mitetemo mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana mwanamume na mwanamke waweza kuimba wimbo mmoja, yeye chini na mkewe juu, na masikio ya wasikilizaji yakahesabu kwamba wanaimba sauti moja. Wataalamu waliokutana London mwaka 1939 walipatana kwamba la ile inayotumiwa kulinganisha vinanda iwe na mitetemo 440 kwa sekunde. La iliyo chini yake ina 220, na iliyo juu yake ina 880.

Majina hayo yalitoka katika nyumba ya sala. Mnamo miaka 1000 na zaidi kidogo tangu kuzaliwa kwa Yezu Kristu, palikuwa huko Italia mmonaki jina lake Guido, mwalimu wa waimbaji katika mji wa Arezzo. Wakati ule vijana walijifunza nyimbo kwa kumsikiliza mwalimu tu, wakazirudia na kuzisahau, na mtu aweza kukaa miaka kumi bila kujua vema. Guido aliona kwamba utenzi mmoja wa Mtakatifu Yohani Mbatizaji una mistari sita ya kwanza ambayo kila mmoja huanza kidato kimoja juu ya ule uliotangulia. Akachukua silabi za mwanzo wa mistari hiyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye watu wengine waliongeza si, kwa herufi za kwanza za jina la Mtakatifu Yohani katika Kilatini, na ut, ambayo ni ngumu kuimbwa, ikageuzwa kuwa do. Guido aliandika ya kuwa kwa njia yake mwimbaji hukamilika kwa mwaka mmoja, au miwili kama amekawia. Tena alipanga nota juu ya mistari, ili jicho lione kimo chake. Leo mistari hiyo ni mitano.

Vidato hivyo havilingani. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka si kwenda do, ni hatua ndogo, nusu ya zile nyingine. Wanaoanza hujikwaa hapo daima. Hupanda fa kupita kiasi. Jamaa nyingi za Afrika hutunga nyimbo zao kwa sauti tano tu, zisizo na hatua ndogo hata moja, na mtu aliyezoea nyimbo hizo toka mgongoni mwa mama yake asionekane mjinga akichelewa kuipata fa. Sikio lake limelelewa katika ngazi nyingine, iliyo nzuri vilevile.

MWENDO

Akina mama wawili wanapotwanga katika kinu kimoja, michi yao haigongani. Mmoja anapoinua, mwingine anashusha. Akiongezeka wa tatu huingia kati yao bila kuuliza. Huo ndio mwendo wa muziki: kujua mahali pako katika wakati. Vivyo hivyo wapiga makasia wa Ziwa Tanganyika huimba ili makasia yote yaingie majini pamoja, na mtumbwi uende moja kwa moja.

Katika kila wimbo kuna mapigo yaliyo sawasawa, kama hatua za mtu atembeaye. Sauti moja yaweza kudumu pigo moja, au mapigo mawili, au nusu ya pigo. Kimya nacho huhesabiwa. Mahali ambapo wimbo unanyamaza kwa pigo moja, asiyehesabu huingia mapema, na wenzake wakamfuata kwa haya.

Katika jambo la mwendo Waafrika wana elimu kubwa, ingawa wengi hawajui kuwa ni elimu. Mapigo 12 yaweza kugawanywa mafungu manne ya mapigo matatu matatu, au mafungu matatu ya manne manne. Na katika ngoma za kwetu mpigaji mmoja hushika mgawanyo huu na mwenzake mgawanyo ule, wakakutana kila duara linapokwisha. Wanamuziki wa Ulaya hujifunza jambo hilo kwa jasho. Lakini ngoma ya kanisani ina hatari yake: hupenda kukimbia. Wimbo wa majuto ulioanza polepole unamalizika kama ngoma ya arusi. Mpiga ngoma na awatazame waimbaji, asiwaburute.

MANENO

Muziki wa sala hubeba maneno, na maneno huweza kuvunjika njiani. Katika Kiswahili silabi ya mwisho-kasoro-moja ndiyo inayotiwa nguvu: watu husema *BA-ba*, *Mu-NGU-ni*. Tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine ikiweka pigo lake zito juu ya silabi nyingine, neno hilo husikika kama limesemwa na mgeni. Kila mtu anajua tofauti ya *barabara* ile ya kupita magari na *barabara* ile ya kusema jambo limekwenda sawasawa. Herufi ni zile zile, nguvu tu imehama.

Jambo ni zito zaidi katika lugha nyingi nyingine za Kongo, kwa kuwa humo kimo cha sauti ni sehemu ya neno. Mmisionari wa Kiprotestanti John Carrington, aliyeishi miaka mingi upande wa Yakusu, karibu na Kisangani, alichunguza ngoma za miti za Walokele zinazopeleka habari kwa milio miwili, wa juu na wa chini, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alionyesha kwamba katika Kikele neno *lisaka* laweza kuwa dimbwi la maji, laweza kuwa ahadi, laweza kuwa sumu, kadiri sauti inavyopanda au kukaa chini. Basi na afikiriwe mkatekumeni wa lugha kama hiyo, akiimba tuni ya kigeni juu ya ahadi za Mungu. Tuni ikipanda mahali pasipofaa, kinywa kinaimba ahadi na masikio ya bibi yake yanasikia sumu.

Kwa sababu hiyo Eklezya haikupenda tuni za kigeni ziwe njia pekee. Mwaka 1958, katika misioni ya Kamina huko Katanga, kwaya ya vijana na walimu iliyoongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko, iliimba Misa kwa maneno ya Kilatini na muziki wa kwao, muziki ambao haukuandikwa kwanza kwenye karatasi. Inajulikana kwa jina la Missa Luba. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza katika hati yake juu ya Liturjia kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na mahali panapofaa. Nayo Misa ya kawaida ya Kongo, yenye ngoma zake na mwendo wake, ilikubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988.

Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa mkatekumeni kwa miaka mingi kabla ya kubatizwa na Mtakatifu Ambrosio mjini Milano usiku wa Pasaka mwaka 387. Ameungama katika kitabu chake ya kuwa siku zile machozi yalimtoka kwa kuzisikia nyimbo za kanisa. Alikuwa pia mtaalamu wa muziki, aliyeandika vitabu sita juu yake. Lakini hakuficha jambo jingine: mara kwa mara utamu wa tuni ulimshika kuliko maneno yenyewe, na kila ilipokuwa hivyo alijiona amekosa. Hakusema nyimbo ziondolewe.

KUANZISHA WIMBO

Watu wengi wakikusanyika huimba kwa raha ndani ya vidato vinane au tisa tu. Nyimbo nyingi za kanisa zinatosha ndani yake, ila zikianzishwa mahali pake. Kosa la waimbishaji wengi ni kutafuta mwanzo wa wimbo kwa kuanza na mwanzo wake. Mwimbishaji atafute kwanza kilele, yaani neno lililo juu kuliko yote, aliimbe taratibu kwa sauti isiyojikaza. Likimtoka kwa urahisi, ashuke toka hapo mpaka mwanzo, ndipo aanzishe. Kama kapela haina kinanda, ulimi mmoja wa likembe watosha kumkumbusha mahali alipopata Dominika iliyopita.

Na yule mkatekumeni aketiye nyuma, anayesema hana sauti? Watu wasioweza kabisa kutambua wimbo ni wachache mno. Wengi wao hawajajifunza kusikiliza. Akae kando ya mwimbaji aliye imara, si mbele yake wala mbali naye. Asiimbe kwanza, asikilize sauti moja inayodumu, kisha aifuate kwa midomo iliyofungwa, akipanda au kushuka polepole mpaka sauti yake izame ndani ya ile nyingine na asiweze kuitenga. Hapo ameipata. Wimbo wa kuanza nao ni litania ya Watakatifu, kwa kuwa jibu ni fupi, nalo hurudi mara nyingi hata ulimi hulizoea. Tena ndiyo itakayoimbwa usiku wa Pasaka kabla ya ubatizo wake mwenyewe. Jioni tatu kwa juma, robo saa kila jioni, kuanzia mwanzo wa Kwaresima.