Majani ya Zambarau Chini ya Mwembe

Chini ya mwembe mkubwa nyasi haziishi. Kivuli ni kizito, ardhi hubaki tupu, na mvua za masika huuchukua udongo wa juu hadi mizizi ikaonekana. Ufagio wetu wa kila asubuhi nao huongeza hasara, kwani huondoa majani makavu ambayo yangeukinga udongo. Mahali kama hapo panafaa mimea ya kudumu itambaayo, na yenye majani ya zambarau hupendeza zaidi. Mara nyingi miche yake huuzwa bila jina, na hapo ndipo mnunuzi anapokosea.

Ule wenye majani marefu membamba, zambarau tupu, na kiua cha waridi, kwa jina la kitaalamu Tradescantia pallida, asili yake ni Meksiko. Zambarau yake hukolezwa na jua. Mwandishi wa somo hili aliupanda chini ya mwembe wake akapoteza msimu mzima: majani yaligeuka kuwa ya kijani na mashina yakarefuka bila nguvu. Pandeni huo penye jua.

Ndugu yake, Tradescantia zebrina, ana milia ya rangi ya fedha juu ya jani na zambarau upande wa chini. Huu hustahimili kivuli, lakini haukomi kuenea. Kila kifundo cha shina kigusacho udongo hutoa mizizi, na katika nchi kadhaa zenye joto umehesabiwa kuwa mmea vamizi. Utomvu wake pia huweza kuwasha ngozi. Ufugwe ndani ya chungu.

Unaofaa zaidi ni Hemigraphis alternata, wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Jani lake lina mikunjo, juu hung'aa kama bati na chini ni zambarau. Maua ni madogo meupe. Hupenda kivuli chepesi na unyevu. Jua kali huunguza majani yake.

Upandeni mvua zinapoanza. Msilime kwa jembe, mtaikata mizizi ya mwembe. Tandazeni mboji iliyochanganywa na udongo, unene wa sentimita 5 hivi, bila kuigusisha na shina la mti. Kateni vipande vyenye vifundo vitatu, fukieni viwili, na mwache sentimita 20 kati ya kipande na kipande. Magugu yang'olewe kwa mkono mpaka mimea ikutane. Kiangazi mwembe hunyang'anya maji, hivyo mwagilieni jioni. Maji yaliyooshewa mboga yanatosha kazi hiyo.

Vipande vinavyobaki baada ya kupogoa visitupwe mtaroni wala korongoni, hasa vile vya mmea wenye milia, kwani maji huvipeleka hadi mtoni navyo huota huko. Vianikwe juu ya bati au sakafu mpaka vikauke kabisa, ndipo viingie kwenye shimo la mboji.